Sahani ya Baba, Msimu wa Kulungu

Septemba 7, Jumapili

Leo tumefungua kambi. Binti yangu Denise ameniomba niandike matayarisho yote ya mwaka huu, kazi baada ya kazi, ili siku nitakapokuwa sipo asilazimike kukisia. Nimemjibu kwamba mtu aliyeanza kuwinda kulungu akiwa na miaka kumi na minne hapaswi kukisia chochote. Hata hivyo ninaandika. Msimu utafunguliwa tarehe 15 Novemba, kama kila mwaka, na haumngojei mtu.

Hali ya nyumba: panya wamekula godoro moja. Bomba la jiko la kuni limeshika kutu kwenye kiungo. Paa linavuja juu ya meza. Mdogo wangu Sulo alipanda kupigilia karatasi ya lami, akashuka baada ya muda mfupi na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Nilipanda kukagua. Nina miaka sabini na saba, lakini ngazi bado naiweza. Nikakuta misumari imesimama wima, na mmoja umepigwa nje kabisa ya ubao.

"Sulo, msumari huu umeshika nini?"

"Umeshika nafasi yake, dada."

"Umeshika hewa."

"Basi hewa yetu haitaibiwa."

Denise alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu Sulo astaafu katika mgodi wa chuma amekuwa mzembe, na uzembe wa mtu mzima hautibiki kwa kuchekewa.

Septemba 14, Jumapili

Kuni. Sulo alipasua, Denise alibeba, mimi nilipanga. Baadaye Sulo alitaka kupanga yeye. Rundo lake lilianguka kabla hatujamaliza kunywa kahawa. Nimelipanga upya.

Septemba 20

Mvua kutwa.

Septemba 28, Jumapili

Tumefyeka njia za kuonea mbele ya vibanda viwili vya kuvizia: kile cha mtoni, ambacho ni changu na Sulo, na kile cha kilimani, cha Denise. Kazi hii hufanywa mapema ili kulungu wauzoee uwazi mpya kabla ya msimu. Miti ya kubaki huwa naifunga utepe wa rangi ya machungwa, niliokata kutoka kwenye koti kuukuu la kuwindia. Baba alifanya hivyo na mimi sijaona sababu ya kubadilisha.

Mbele ya kibanda cha mtoni ulikuwepo msonobari mchanga uliokuwa ukituficha vizuri kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeufunga utepe usawa wa kifua. Niliporudi kutoka kuchota maji nikaukuta umelala chini, na Sulo amesimama juu yake akijipangusa jasho kama mtu aliyetenda jambo la maana.

"Huo ulikuwa na utepe!"

"Haukuwa nao."

Nikauokota utepe, bado umefungwa kwenye shina. Nikamwekea mkononi. Aliugeuza, akaupapasa kwa dole gumba, kisha akasema, "Ulikuwa upande wa pili."

Shina lenyewe halizidi unene wa mkono wangu. Nilimwambia maneno makali ambayo sitayaandika, kwa sababu Denise atayasoma.

Oktoba 5, Jumapili

Makoti na suruali za kuwindia hufuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, kisha huanikwa nje na matawi ya mwerezi mpaka siku ya kuvaliwa. Kulungu hakuogopi kwa kukuona. Anakuogopa kwa kukunusa. Sulo alijitolea kufua za wote nyumbani kwake, nami nikakubali, kwa kuwa nilitaka kumsamehe ule msonobari.

Ameleta mifuko mitatu. Nilipofungua wa kwanza nilirudi nyuma hatua nzima. Waridi! Alikuwa amemimina ile dawa ya kulainishia nguo ya marehemu mke wake, chupa nzima.

"Mjomba," Denise akasema akiwa ameziba pua, "kulungu watadhani tunakwenda harusini."

"Si watakuja, basi? Harusini watu huja."

"Watakuja na zawadi, mjomba, si na pembe."

Nilimuuliza Sulo kama hakusoma maandishi ya chupa. Alisema chupa zote mbili ni za rangi ya buluu. Ni kweli. Lakini moja ina picha ya ua kubwa kama kiganja changu.

Nguo zimefuliwa mara mbili zaidi. Bado zinanukia.

Oktoba 11

Nimeoka mikate ya iliki kwa ajili ya kambi, nikaigandisha. Hakuna jingine.

Oktoba 15, Jumatano

Sulo amekuja kwangu kunywa kahawa. Alimimina mwenyewe, kidole chake cha shahada kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe, mpaka kahawa ya moto ikamgusa ncha ya kidole ndipo akaacha. Hakushtuka. Ni jambo alilolizoea.

Alikuja kwa miguu. Gari lake, amesema, lina kelele kwenye gurudumu. Lina kelele tangu Agosti.

Nimekaa muda mrefu nikifikiri juu ya misumari, rundo la kuni, utepe na chupa. Yaelekea nimekuwa nikimgombeza mtu kwa kosa ambalo si lake. Jumapili ni siku ya sahani. Sahani itasema.

Oktoba 19, Jumapili

Siku ya sahani.

Naieleza kanuni hii kama baba alivyoiweka, kwa kuwa Denise ndiye atakayeisimamia baada yangu. Sahani nyeupe ya bati hupigiliwa kwenye ubao uliopakwa lami, umbali wa hatua mia. Kila mmoja hupiga risasi tatu akiwa ameketi, na bunduki atakayokwenda nayo mwituni. Zote zikiingia kwenye sahani, atawinda. Moja ikikosa, mwaka huo atapika. Hakuna marudio na hakuna kusingizia upepo. Baba mwenyewe alipika mwaka alioumia bega, na alipika vibaya. Kulungu aliyejeruhiwa na mkono usio imara hutembea siku mbili kabla ya kufa, na baba hakutaka dhambi hiyo katika nyumba yake.

Sikulala vizuri tangu Jumatano. Nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kumwambia Sulo atakapokosa, maneno mafupi yasiyo na huruma nyingi, kwa sababu huruma nyingi ingemwumiza zaidi.

Denise alipiga kwanza. Tatu. Mimi nikafuata: tatu, moja ukingoni kidogo. Sulo akaketi, akaegemeza kiwiko juu ya goti, akachukua muda. Sijawahi kuona mtu ametulia hivyo. Alipiga, akasukuma komeo la bunduki, akapiga, akapiga tena.

Denise alikimbia kwenye ubao. Tulimsikia akipiga kelele kabla hajageuka. Tundu zote tatu zilikuwa katikati, zimekaribiana kiasi cha kufunikwa na kikombe.

"Haya, mwalimu," Sulo akaniambia, kana kwamba bado nafundisha shule, "leo unanipa alama ngapi?"

"Umefaulu."

"Umefaulu tu? Hata pongezi? Denise, mama yako angekutana na malaika angemwambia bawa lake limepinda!"

Nilicheka, kwa kweli nilicheka zaidi ya ilivyostahili. Nilimkumbatia, jambo ambalo lilimshangaza. Nilirudi nyumbani nikijiona mwepesi. Mzee anaruhusiwa kuwa mzembe. Anaruhusiwa hata kutia kidole katika kahawa yake.

Oktoba 25

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kabla ya adhuhuri.

Oktoba 29

Duka la Beaudry. Nimechukua vibali vitatu na risasi. Beaudry ameniuliza kama naenda kuwinda au kuwasahihisha kulungu mwendo. Kila mwaka ananiuliza hivyo.

Novemba 2, Jumapili

Lazima niandike haya leo, na niyaandike sawasawa.

Tulikwenda kupeleka viti na jiko dogo la gesi kwenye kibanda cha mtoni. Hatukuwa na bunduki. Denise alitangulia na msumeno wa mkono ili aondoe matawi yaliyochipua tangu Septemba. Sulo na mimi tulifuata polepole, yeye na viti, mimi na jiko. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu. Miti yote isiyo misonobari wala mierezi ilikuwa imekwisha kupukutika, kwa hiyo msitu ulikuwa wa kahawia na kijivu, kama unavyokuwa wiki hizi, na mwanga ulikuwa mzuri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sitaki mtu aje aseme baadaye kwamba kulikuwa na giza.

Tulipofika kwenye mpindo wa njia, Sulo alinishika mkono. Alifanya hivyo kwa upole, kama tulivyofundishwa tukiwa watoto, kidole kimoja tu juu ya kifundo. Nikasimama.

"Pale," alinong'ona. "Kando ya mto. Kulungu jike. Anakula."

Nikatazama alikoelekeza. Sikuona kulungu. Nilimwona Denise. Alikuwa amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, akikata kichaka kwa chini. Alikuwa amevaa koti la kahawia la marehemu baba yake. Kichwa chake kiliinama, kikainuka, kikainama.

"Umemwona?" Sulo akasema. Uso wake ulikuwa na furaha. Siwezi kuandika kitu kingine juu ya uso wake. Ulikuwa na furaha ileile ya mwaka alipopata kulungu wake wa kwanza. "Amenona huyo. Tazama anavyoinua kichwa."

Nilifungua mdomo. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane, na sikumbuki siku nyingine ambayo sikuwa na neno.

Denise alisimama akageuka. "Mbona mmesimama? Viti vizito?"

Sulo aliuachia mkono wangu. Akangoja kidogo, kisha akamwita kwa sauti ya kawaida, "Umemkimbiza kulungu wangu, wewe!"

"Kulungu gani, mjomba? Nipo hapa tangu saa tatu."

"Alikuwa hapohapo karibu na wewe."

Denise alitazama chini kutafuta nyayo. Hazikuwepo, bila shaka, ila zake mwenyewe. Alinitazama mimi. Nilisema jiko linanichosha mikono, tuendelee.

Novemba 3, Jumatatu

Nimekwenda kambini peke yangu. Sahani bado iko ubaoni. Nilisimama mahali pa kupigia, nikavua miwani yangu. Bila miwani mimi siwezi kumtambua mtu upande wa pili wa meza. Msitu wote uligeuka uji. Mto ulitoweka. Njia ilitoweka. Lakini sahani ilikuwepo, nyeupe katikati ya lami, kama mwezi.

Hata mimi, bila miwani, ningeweza kuipiga.

Basi kanuni ya baba ilipima mkono. Haikupima jicho, kwa kuwa baba hakuwahi kufikiri kwamba mtu asiyeona angetaka kwenda. Nami nimeisimamia kanuni hiyo miaka yote nikiamini kwamba inatulinda. Sulo ametimiza kila herufi yake. Hakudanganya. Hakuna nilichonacho mkononi cha kumzuia, isipokuwa kile nilichokiona, na nilichokiona nimekinyamazia.

Novemba 5, Jumatano

Nimetoka kwa Sulo. Nilimkuta jikoni ameiweka bunduki mezani juu ya gazeti, anaipaka mafuta. Anaifungua na kuifunga bila kuitazama.

Nilimwambia nataka aende kwa daktari wa macho kabla ya msimu.

"Nina miwani mipya, dada."

"Ya lini?"

"Mipya."

"Sulo, mwaka huu usiwinde."

Aliendelea kupangusa mtutu. "Nimepiga tatu."

"Umepiga tatu."

"Zimeingia?"

"Zimeingia."

"Basi sheria inasema nini? Wewe ndiye mwenye sheria. Ulimnyima marehemu mume wako mwenyewe kwa risasi moja iliyokosa kwa unene wa kucha. Alipika wiki mbili, na hukumhurumia. Leo mimi nimefaulu, unanitungia mtihani mwingine?"

"Ulikata msonobari wenye utepe."

"Utepe tena!"

"Utepe huo nimeukata kwenye koti la kuwindia. Ni kitambaa kilekile atakachovaa Denise tarehe kumi na tano. Ulikuwa umbali wa mkono wako, na hukuuona."

Aliacha kupangusa. Nilidhani amenielewa. Kumbe alikuwa akikasirika.

"Sema unalolitaka. Unataka kambi iwe ya binti yako. Mzee aondoke, nafasi ipatikane."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba yule kulungu jike aliyenionyesha Jumapili, aliyenona, aliyekuwa akiinua kichwa, alikuwa Denise.

Alinitazama, au tuseme alinitazama kandokando, juu ya bega langu, kama anavyotazama siku hizi. Nilikuwa nimedhani ni kiburi.

"Hujawahi kusema uongo maisha yako yote, Aili," akasema. "Umechagua siku mbaya ya kuanza."

Hajaniita kwa jina, bila dada, tangu tulipokuwa watoto tukipigana. Nilichukua koti langu nikatoka.

Novemba 7

Sulo hapokei simu.

Novemba 9, Jumapili

Denise amekuja na theluji mabegani. Alikuwa kazini tangu alfajiri, anaondoa theluji kwenye barabara za wilaya kwa mtambo. Aliuliza kwa nini mjomba hakuja kubeba chakula cha kambi. Nikamweleza yote.

Alikula mkate wake. Kisha akasema, "Hakuwa na bunduki, mama."

"Jumamosi atakuwa nayo."

"Basi mimi nisiende. Mwaka mmoja tu. Nyinyi wawili mkae kibanda kimoja, mimi nibaki mjini, hakutakuwa na mtu wa kumpiga."

Alisema kama mtu anayejitolea kuosha vyombo. Nilimwambia kwamba wako wawindaji wengine msituni, na kila mmoja wao ana mama. Nilimwambia pia hapana, mara mbili, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani.

"Lakini akikosa msimu, mama, atafanya nini? Hana kitu kingine."

Nalijua swali hilo kuliko yeye. Tangu mkewe afe, mwaka mzima wa Sulo ni njia ya kufikia Novemba.

Novemba 10

Upepo wa kaskazini.

Novemba 11

Upepo. Hakuna simu.

Novemba 12, Jumatano

Denise amenipigia kutoka kazini. Sulo alimpigia leo adhuhuri. Hakumsalimu. Alimuuliza swali moja: Jumapili ile mtoni alivaa koti gani?

"Nikamwambia la baba, lile la kahawia. Akauliza nilikuwa nimesimama au nimepiga magoti. Nikamwambia nimepiga magoti, nakata kichaka."

"Akasema nini?"

"Nilimsikia anapumua. Halafu akakata simu. Mama, nimefanya vibaya?"

Nilimwambia amefanya vizuri. Niliposhusha simu niliketi kwenye sanduku la kuni.

Novemba 14, Ijumaa

Tumefika kambini mchana, theluji ikitufika vifundoni mwa miguu. Tangu kwenye daraja niliona moshi. Ulitoka mahali pawili: jikoni, na kwenye kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Beaudry alikuwa akigeuza gari lake baada ya kumshusha mtu. Akanipungia mkono bila kusimama na bila mzaha wowote, jambo ambalo si kawaida yake.

Sulo alikuwa jikoni amejifunga taulo kiunoni kama aproni. Supu ya samaki ilikuwa motoni, na viazi vyake vina maganda nusu. Ukutani, kwenye vigingi vya bunduki, kigingi chake kilikuwa kitupu.

"Bunduki iko wapi, mjomba?" Denise aliuliza, kwa kuwa mimi nisingeweza.

"Nyumbani. Nimechoka na baridi. Mwaka huu napika."

Niliiona tarehe tano bunduki ile. Hakuna silaha safi zaidi wilayani. Na Sulo hajawahi kulalamikia baridi hata siku moja. Nilisema supu inanukia vizuri. Tukala. Ilikuwa na chumvi ya kutosha watu kumi.

Novemba 15, Jumamosi

Msimu umefunguliwa.

Nilikwenda kibandani gizani, peke yangu. Nimezoea kumsikia Sulo akihema upande wa kushoto, na leo upande huo kulikuwa na kiti. Kulipopambazuka risasi zilianza mbali, ng'ambo ya mto, kisha moja kilimani: Denise. Moja tu, kwa hiyo nilijua amepata.

Saa mbili na nusu dume alitoka kwenye mierezi. Pembe nane, shingo nene, anatembea taratibu, pua chini. Nilikuwa na muda wote. Nililenga, na kabla ya kuvuta nilijikuta nikimwangalia mara ya pili, halafu ya tatu, nihakikishe kwamba ana miguu minne. Nilipiga, na theluji ikaruka nyuma yake. Aliondoka kwa miruko mitatu mirefu, mkia juu.

Nilikagua mpaka ng'ambo ya kijito. Hakuna damu wala unywele. Nimekosa kabisa, Mungu ashukuriwe, maana bora kukosa kabisa kuliko kujeruhi.

Jioni Sulo alikuwa anatusubiri mlangoni. Alitaka kusikia kila kitu: dume wa Denise alitoka wapi, alisimama vipi, upepo ulikuwaje. Denise alimsimulia mpaka supu, ileile ya jana, ikapoa. Kisha Sulo akanigeukia.

"Na ile risasi moja ya mtoni, iliyofuata?"

"Nimekosa."

"Umekosa?"

"Nimekosa, Sulo. Usinifanye niseme mara mbili."

"Denise! Mkasi!"

Katika kambi yetu, anayemkosa kulungu hukatwa shati, sehemu ya chini ya mgongoni, na kipande chake hupigiliwa ukutani na tarehe. Ukuta una vipande vya kila mtu aliyewahi kulala hapa isipokuwa mimi. Sulo amekingojea changu kwa zaidi ya miaka hamsini. Alisimama nyuma yangu, akaupapasa upindo wa shati kwa vidole, akaanza kukata. Nilisikia mkasi ukipanda. Ukaendelea kupanda. Baridi ikaniingia kiunoni, kisha kwenye uti wa mgongo.

"Sulo! Kipande cha kiganja, si shati zima! Umefika mabegani!"

Mkasi ulisimama. Denise alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada," Sulo akasema nyuma yangu. "Sioni vizuri."

Hakuna aliyecheka. Halafu yeye mwenyewe akaanza, kwa chini, na sote tukamfuata. Nilimwambia amalizie, kwa kuwa shati limekwisha kuharibika. Amekata upande, kama mtu anayekata mkate gizani. Denise alitaka kukinyoosha kipande kabla ya kukipigilia. Nilimkataza.